Kadi ya grafiki ndani ya boksi la ofisini: jibu kwa mpiga picha wa Morogoro

"Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha wa harusi, send-off na kipaimara hapa Morogoro. Natumia Dell OptiPlex 7040, lile boksi la kusimama. Ina i7-6700, RAM GB 8, diski ya TB 1 na Windows 10. Haina kadi ya grafiki. Kamera yangu ni ya megapikseli 24 na napiga RAW. Lightroom, programu yangu ya kuhariri picha, inanitesa: nikigusa slaida picha inachelewa kubadilika, na nikibonyeza Denoise ya kuondoa chenga inaniandikia dakika 9 kwa picha moja. Usiku mdogo wangu anataka kucheza GTA V na gemu za mpira, zinakatakata. Nimeulizia kadi nikapewa bei tatu: RX 580 ya GB 8 ya mtumba kwa laki tatu na nusu, GTX 1650 ya GB 4 kwa laki nne, na RTX 3060 ya GB 12 ya mtumba kwa laki nane na nusu. Rafiki yangu anasema nichukue RX 580 kwa kuwa ina GB nyingi kwa bei ndogo, na kwamba kadi kubwa itanipa rangi nzuri, maana wateja wanalalamika ngozi zinatoka nyekundu na picha zilizochapwa zina giza. Nina laki tisa tu, sitaki kukosea. Nichukue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu, na asante kwa kuandika kila kitu hadi jina la boksi. Jina hilo ndilo litakalokuokolea pesa. Kati ya kadi tatu ulizotajiwa, mbili haziwezi kufanya kazi salama ndani ya OptiPlex yako kama ilivyo leo, na ya tatu itawaka vizuri lakini itakuangusha kwenye Denoise, jambo lenyewe linalokuumiza. Kwa hiyo usilipe kwanza. Nitakueleza sababu, halafu nitakuambia mimi ningezigawa vipi hizo laki tisa.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo vitu huungua. Fungua ubavu wa boksi utazame kasha la chuma ambalo waya wa ukutani unaingilia. Hiyo ndiyo pawa saplai. Kwenye lebo yake utakuta wati 240. Dell waliitengeneza OptiPlex kwa ajili ya maofisi, watu wa barua na mahesabu, wakaiwekea umeme unaotosha kazi hiyo. Mashine hizi hutufikia sisi zikiwa zimemaliza zamu yake ya kwanza ofisini, bado imara kabisa, lakini umeme wake ni uleule wa ofisini.

Piga hesabu nami. Prosesa yako ya i7-6700 imepangiwa wati 65. Mazabodi, RAM, diski na feni viwekee wati 40 hivi. Zinabaki kama 135. RX 580 peke yake imepangiwa wati 185. RTX 3060 imepangiwa 170, na NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kompyuta inayobeba kadi hiyo. Unaona kwamba hapa hakuna cha kujaribu kwa bahati.

Kuna jambo la pili kuhusu umeme huohuo. Sloti ya mazabodi inayopokea kadi hutoa wati 75 tu, basi. Kadi inayotaka zaidi lazima ichukue nyongeza moja kwa moja kutoka pawa saplai kwa plagi yake maalumu: ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. Pawa saplai ya wati 240 ya OptiPlex haina plagi hiyo kabisa. Utakapomwambia muuzaji hivyo, kuna uwezekano mkubwa atakutolea kijiwaya kifupi kinachogeuza plagi ya SATA, ile ya diski, iwe ya kadi. Atakwambia wote wanatumia. Kikatae.

Nina moja ya hizo mezani kwangu, niliitoa kwenye boksi la mteja aliyewekewa kadi kubwa dukani. Alikuja akisema kompyuta inazima kila gemu ikichangamka na chumba kinanuka. Plagi ya SATA imevimba upande mmoja, plastiki nyeusi imegeuka kahawia kama sukari iliyoungua sufuriani, na waya wa njano umeshikana nayo hautoki hata ukivuta kwa koleo. Sababu ni hesabu tu: waya wa njano ndio wa volti 12, na plagi ya SATA ina pini tatu za volti hizo, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Kadi inaamini imepewa plagi ya wati 75 au 150, inavuta inavyotaka, na plastiki ndiyo inayolipa. Kijana yule alikuwa na bahati kwamba alikuwa macho, na kwamba diski yenye harusi za watu haikuguswa.

"Si nibadilishe pawa saplai?" Inawezekana, nimeshafanya. Lakini plagi za Dell kwenye boksi hilo ni za Dell mwenyewe, si zile za kawaida za pini 24, kwa hiyo unahitaji pawa saplai mpya na kigeuzi cha mazabodi, na bado upime kama kasha na kadi ndefu vitaenea humo ndani. Utatumia pesa nyingi kwenye boksi ambalo umri wake unasogea: Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i7-6700 haimo kwenye orodha rasmi ya prosesa zinazokubalika kwa Windows 11. Mimi ningeweka pesa kwenye vitu utakavyovihamisha ukinunua boksi jingine. Kadi inahama. SSD, diski isiyo na kinachozunguka ndani, inahama. Pawa saplai iliyoungwaungwa kwa ajili ya Dell ni ya Dell tu.

Sasa hoja ya rafiki yako kuhusu GB. Hana nia mbaya, ndivyo kadi zinavyotangazwa dukani, namba kubwa kwenye boksi. Lakini wewe unafanya kazi kwenye maharusi, fikiria jikoni kule nyuma ya ukumbi. Memori ya kadi ni meza ya kupangia vyakula. Wapishi ni vile vichakataji vidogo vilivyomo ndani ya kadi. Mlango wa stoo ni kasi ya kuleta vitu mezani. Meza kubwa yenye wapishi wawili na mlango mwembamba haitalisha wageni mia nne. Kuna kadi inaitwa GT 730, ya mwaka 2014, utaikuta madukani na maandishi makubwa ya GB 4, na wengi huinunua wakidhani inalingana na GTX 1650 ya GB 4. Ile ya memori ya DDR3 hupitisha data isiyofika GB 30 kwa sekunde, wakati GTX 1650 hupitisha 128 na RTX 3060 ya GB 12 hupitisha 360. GB zilezile nne, jikoni mbili tofauti kabisa.

Hii haimaanishi meza si kitu. Meza ikijaa, wapishi husimama, na kwenye kadi kazi inarudishwa kwenye RAM ya kompyuta ambako njia ni ya polepole zaidi. Ndiyo maana GB 4 za GTX 1650 zinanipa wasiwasi kwa kazi yako. Ninachotaka uelewe ni kwamba GB ni swali la mwisho kuulizwa kuhusu kadi, baada ya "inakula umeme kiasi gani?" na "ni ya kizazi gani?"

Na kizazi cha RX 580 ni cha 2017. Ilikuwa kadi nzuri sana wakati wake, siisemi vibaya. Ila ndiyo iliyopendwa mno na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, zikawashwa usiku na mchana hadi Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum ulipobadili mfumo wake na uchimbaji wa kutumia kadi ukafa kwa sarafu hiyo. Kadi nyingi sana zikamwagika sokoni baada ya hapo. Pia kuna toleo lake lililoandikwa 2048SP, ambalo limepunguzwa vichakataji kutoka 2304 hadi 2048 lakini huuzwa kwa jina lilelile. Hata ungekuwa na pawa saplai ya kutosha, kwa Lightroom ya leo nisingekushauri uichukue.

Nikueleze sasa kwa nini Denoise ndiyo inayodai kadi, ili hata mwakani zikija kadi nyingine uweze kuamua mwenyewe. Picha yako ina nukta 6000 kwa 4000, milioni 24. Kila nukta kwenye sensa ya kamera huona rangi moja tu: nyekundu, kijani au bluu. RAW ni orodha ya nukta hizo za rangi mojamoja. Programu ndiyo inayotafuta rangi mbili zinazokosekana kwa kutazama majirani. Kila nukta ina hesabu yake, na hesabu ya nukta ya kona ya juu haihitaji kusubiri ya kona ya chini. Kazi ya namna hiyo, ndogondogo, nyingi, zisizongojana, ndiyo iliyoizaa kadi ya grafiki. Prosesa yako ina viini vinne, vyenye akili nyingi, kama mafundi wanne mabingwa. RTX 3060 ina vichakataji 3584 vya hesabu nyepesi. Ukiwa na mawe milioni 24 ya kusogeza, huhitaji mabingwa wanne, unahitaji umati.

Denoise imeongeza juu yake. Adobe waliitoa Aprili 2023, na inatumia akili mnemba: mfano uliofunzwa kutofautisha chenga na nywele, chenga na ushanga wa gauni. Kila kipande cha picha kinapitishwa kwenye hesabu nyingi mno za kuzidisha na kujumlisha. Kadi za NVIDIA zenye herufi RTX zina viini maalumu vya hesabu hizo, vinaitwa Tensor. GTX 1650 haina. Adobe walipoitoa walishauri wenyewe kadi ya RTX kwa watu wa Windows, na memori ya kadi ya GB 8 au zaidi. Wewe sasa hivi unatumia grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haina hata memori yake. Inakopa kwenye RAM yako ya GB 8, ileile ambayo Windows, Lightroom na kivinjari vinaigombania. Zile dakika 9 hazinishangazi hata kidogo.

Lakini slaida zinazochelewa ni ugonjwa mwingine, na hapa naomba unisikilize, kwa sababu ungenunua RTX 3060 leo na slaida bado zingekusumbua. Fanya jaribio hili kabla ya kwenda dukani. Fungua Lightroom, ingia kwenye Develop, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, nenda Performance. Iache pembeni ya skrini huku unahariri picha kumi kama kawaida yako. Tazama mistari mitatu: prosesa, memori na diski. Nakuhakikishia memori itakuwa imekaribia kujaa, na kila ukihama picha diski itaruka asilimia 100 na kukaa huko. Hicho ndicho unachokisubiri. Diski ya kuzunguka ina sindano inayohama huku na huko kusoma, na katalogi ya Lightroom, daftari lake la picha na mahariri yako, ni maelfu ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika. Sindano inakimbia kutwa. SSD haina sindano. Tofauti yake utaiona dakika ile ile ya kuwasha mashine.

Photoshop nayo ni hivyohivyo. Kusafisha chunusi, kupanga tabaka, kukata na kuunganisha, sehemu kubwa ni RAM na prosesa. Kadi inaingia kwenye kukuza na kupunguza picha bila kukwama, Camera Raw, na vichujio kadhaa vizito.

Kuhusu rangi, rafiki yako amekosea kabisa, na ni vizuri umeuliza kabla hujatumia pesa. Kadi haiongezi wala haipunguzi rangi kwenye faili lako. Picha uliyoitoa kwa RX 580 na uliyoitoa bila kadi, kwa mipangilio ileile, mteja hawezi kuzitofautisha. Anayekudanganya ni monita. Monita nyingi za ofisini huelekea bluu. Wewe unatazama uso wa bibi harusi, unauona umepauka na una ubaridi, unaongeza joto la rangi hadi upendeze machoni pako. Faili sasa limebeba wekundu ambao hukuuona. Likifika kwa mchapaji au kwenye simu ya mama mzazi, wekundu wote unajitokeza. Giza nalo lina sababu ya aina hiyohiyo: mwanga wa monita umepandishwa juu kabisa, picha inakuonekea ina nuru ya kutosha, unaiacha au hata unaishusha, karatasi isiyowaka kama skrini inaonyesha ukweli.

Dawa ya kuanzia haina gharama. Chagua picha moja yenye ngozi za watu tofauti, mweusi sana, maji ya kunde, mweupe, na gauni jeupe. Ichapishe kwa mchapaji unayemtumia siku zote, ukiwa umeitoa kwa sRGB, mpango wa rangi wa kawaida. Ishike pembeni ya monita mchana, mahali penye mwanga wa dirisha usiopiga skrini moja kwa moja. Shusha mwanga wa monita mpaka nyeupe ya gauni kwenye skrini ifanane na nyeupe ya karatasi, kisha punguza bluu kwenye menyu ya monita yenyewe hadi ngozi zikaribiane. Haitakuwa sawasawa, ila malalamiko yatapungua. Baadaye ukipata hela, nunua monita yenye paneli ya IPS inayofikia sRGB yote, na kile kifaa cha kupima rangi kinachokaa juu ya skrini. Wapiga picha wanne mkichanga mnaweza kununua kimoja mkakizungusha, kwa kuwa kila mmoja anakihitaji mara moja kwa mwezi hivi. Kwa biashara yako, mimi ningeiweka monita juu ya kadi kubwa wakati wowote.

Gemu sitakaa nazo sana. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080, kadi inachora nukta milioni 2 na ushee kwa kila fremu, na ili mchezo usikatekate inabidi itoe fremu 60 kwa sekunde, yaani kila fremu imalizike ndani ya milisekunde 16 na kitu. Grafiki ya ndani ya prosesa haiwezi mwendo huo kwa gemu kama hizo. GTA V ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015 na kadi yoyote ninayoitaja hapa chini itaibeba vizuri; gemu za mpira pia. Kadi za RTX zina msaada mmoja zaidi unaoitwa DLSS: gemu inachorwa ikiwa ndogo, kisha kadi inaikuza kwa akili mnemba. Kwa kadi ndogo, msaada huo unaonekana. Mdogo wako hatakulaumu.

Basi, mimi ningefanyaje? Ningetenga laki tatu kwanza, zisiguswe, kwa SSD ya GB 500 au zaidi na RAM ya kufikisha GB 16. Boksi lako linatumia DDR4, hakikisha hupewi DDR3. Windows, Lightroom na katalogi vihamie kwenye SSD. Diski ya TB 1 ibaki ghala la harusi zilizokwisha. Kisha ningeishi na mashine hiyo wiki mbili nione maumivu yaliyobaki ni yapi.

Laki sita zinazobaki ndizo za kadi, na ningeulizia kadi ambayo hawakukutajia: RTX 3050 ya GB 6. Ilitoka Februari 2024, imepangiwa wati 70, kwa hiyo inaishi kwa umeme wa sloti peke yake bila plagi ya nyongeza. Rudia ile hesabu: 65 na 40 na 70 ni 175, ndani ya 240, na nafasi ya kupumua imebaki. Ina viini vya Tensor. Kuwa makini na jina, kwa sababu kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8, ya mwaka 2022, yenye wati 130 na plagi yake, hiyo haikufai. Na kwa toleo la GB 6 pia, tazama ubavu wake kwa macho: isiwe na tundu la plagi ya umeme. Hata toleo la feni moja linatosha, na ni fupi, lakini pima nafasi kwa rula kabla hujaenda.

Nisikufiche udhaifu wake. GB 6 ziko chini ya 8 wanazoshauri Adobe, na RTX 3060 itaipita mbali kwenye Denoise na kwenye gemu nzito. Lakini utatoka kwenye dakika kadhaa kwa picha hadi muda unaoweza kuuvumilia, na hutachoma kitu. Ukiikosa, GTX 1650 isiyo na plagi ni ya pili, ukijua kwamba Denoise bado utaiachia kazi usiku ukalala. Kuna watakaokuonyesha RX 6400 kwa sababu nayo haitaki plagi. Iache, imeunganishwa kwa njia nne tu za data, na kwenye mazabodi ya zamani kama yako inabanwa zaidi. Kadi za Intel Arc nazo zinahitaji uwezo unaoitwa Resizable BAR, ambao boksi la umri huo halina, na bila huo zinazorota.

RTX 3060 ya GB 12 ndiyo ningeichagua kama ungekuwa na boksi la kawaida lenye pawa saplai nzuri. Ikiwa una mpango wa kweli wa kununua boksi jipya ndani ya miezi michache, basi chukua SSD na RAM sasa, laki sita ziweke, uinunue siku hiyo. Ukifika huko, sisitiza GB 12: NVIDIA walitoa baadaye RTX 3060 ya GB 8 yenye njia nyembamba ya memori, na jina ni lilelile.

Nikuulize na jambo lililo nje ya kompyuta. Chenga hizo zinatoka wapi? Kama ukumbini unapiga kwa lenzi ya f/4, lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara tano. Picha uliyopiga kwa ISO 6400 ungeipiga kwa 1300 hivi. Wapiga picha wengi niliowatengenezea mashine walikuwa wanatibu kwenye Lightroom ugonjwa ulioanzia kwenye lenzi. Huenda baada ya hapo ukahitaji Denoise kwa picha ishirini za usiku wa manane, si mia mbili.

Ukienda kununua kadi, mpya au ya mtumba, usiinunue ikiwa mfukoni mwa muuzaji. Iwekwe kwenye mashine, iwashwe mbele yako. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye fleshi. Tangu 2018 inatambua kadi za NVIDIA zilizobadilishwa jina, yaani kadi ya zamani iliyoandikiwa upya ijitambulishe kama ya kisasa, na ikiikuta huandika neno FAKE mbele ya jina. Linganisha namba ya vichakataji na memori na zile za mtengenezaji. RTX 3050 ya GB 6 inapaswa kuonyesha 2304. Kisha iendeshwe gemu au jaribio la grafiki dakika 20, usikubali dakika mbili. Tazama kama kuna vijiti au nukta za rangi ngeni kwenye skrini, sikiliza feni kama inakwaruza, na usome nyuzijoto: zikipanda hadi 80 na ushee zikatulia, inavumilika kwa joto letu, zikiendelea kupanda, rudisha. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi na unatakiwa umpelekee fundi mashine aishike. Ikiwa inazima ghafla yenyewe ukiitumia kwa nguvu, au kuna harufu ya kuungua, chomoa ukutani na usiiwashe tena kujaribu. Ikiwa pawa saplai yako si ya wati 240, au imeshabadilishwa na mtu, asome lebo yake na apime volti kabla ya kuweka kadi. Usiifungue pawa saplai mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, kuna vitu humo ndani vinavyohifadhi umeme. Ikiwa BIOS, ile programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows, inakudai neno la siri, hilo ni la ofisi ilikotoka, na fundi mwenye uzoefu wa Dell ndiye wa kulishughulikia. Na kabla hajagusa chochote, nakili picha za wateja kwenye diski ya nje. Ikiwa umeme wa mtaa wako unakatika na kurudi kwa kishindo, mwulize pia kuhusu UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Siku ya kufunga kadi, zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi, ndipo uisukume kadi kwenye sloti ndefu hadi kilango cha plastiki kilie. Halafu tazama nyuma. Waya wa monita uliokuwa kwenye matundu ya mazabodi uhamishe uchomeke kwenye kadi. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwenda kutazama "kadi mbovu" nikakuta waya bado uko palepale pa zamani. Kama monita yako ni ya VGA, kadi hizi hazina tundu hilo, itabidi upate kigeuzi cha kutoka HDMI, na hapo ndipo utaanza kuweka akiba ya ile monita ya IPS. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, pakua ya Studio kutoka NVIDIA, gemu zitacheza nayo pia. Ndani ya Lightroom, fungua Preferences, Performance, uhakikishe jina la kadi limeandikwa pale, kisha bonyeza Denoise kwenye ile picha ya dakika 9 na uniandikie inasema ngapi.